Askari Polisi Naye Asemewe na Nani?

(Hotuba iliyosomwa na Kamati ya Elimu mbele ya wanachama wa tawi)

Bwana Mwenyekiti, wazee wa chama, akina mama na ndugu wanachama,

Mlituagiza tulete jibu la swali lililozusha kelele nyingi katika mkutano wetu. Swali lenyewe lilikuwa hili: ikiwa karani ana chama, dereva ana chama, mwalimu ana chama, na mfanya kazi wa shambani ana chama, je, askari polisi asemewe na nani? Wengine walisema hilo si jambo letu, kwa kuwa askari ndiye anayetufukuza kwa rungu tunapogoma. Wengine wakasema askari naye ni mtu wa mshahara kama sisi, ana watoto shuleni, na madeni yake dukani ni kama yetu. Tumelitazama jambo hili kwa utaratibu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

CHAMA CHA WATUMISHI NI NINI?

Kwanza tutenge maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Chama cha wafanyakazi, kama hiki chetu, huundwa na wafanya kazi wenyewe. Huandikishwa kwa sheria, hukusanya ada, hupatana na mwajiri, na mapatano yakishindikana kabisa kina silaha ya mwisho, nayo ni mgomo. Chama cha watumishi wa polisi ni kitu kingine. Mara nyingi huundwa na sheria yenyewe iliyounda polisi. Kina wajumbe waliochaguliwa, kina vikao na serikali, huwasemea wanachama juu ya mshahara, saa za kazi, nyumba, pensheni na nidhamu. Lakini mgomo hakina. Katika nchi nyingine hakiruhusiwi hata kujiunga na vyama vya wafanya kazi wengine.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema, chama kisicho na mgomo ni mbwa asiye na meno. Neno hilo lina ukweli ndani yake, nasi tutalirudia. Lakini kwanza tuone jinsi chama cha namna hii kilivyozaliwa, maana historia yake inafundisha.

MIGOMO MIWILI YA POLISI WA UINGEREZA

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni Shirikisho la Polisi la England na Wales. Lilianzishwa na Sheria ya Polisi ya mwaka wa 1919, na chanzo chake ni migomo miwili.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei za vyakula Uingereza zilipanda karibu mara mbili, lakini mshahara wa konstebo ulibaki nyuma. Askari wa London alikuwa akimlinda tajiri usiku kucha, na asubuhi mkewe hana cha kuweka mezani. Tangu 1913 kulikuwa na chama cha siri cha polisi na askari wa magereza, na mtu aliyejulikana kuwa mwanachama alifukuzwa kazi. Mwezi wa Agosti 1918 konstebo mmoja, Tommy Thiel, alifukuzwa kwa sababu ya kazi zake za chama. Tarehe 30 Agosti polisi wa London wakagoma kwa maelfu. Vita ilikuwa bado inaendelea! Waziri Mkuu, Lloyd George, aliwaita wajumbe wao siku ya pili yake. Wakapata nyongeza ya shilingi 13 kwa juma, wajane wakapewa pensheni, na Thiel akarudishwa kazini. Lakini chama chao hakikukubaliwa.

Serikali ilishtuka, ikafanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mwaka wa 1919 iliunda Kamati ya Bwana Desborough kutazama hali ya polisi. Kamati ikaona kwamba ni kweli polisi walikuwa wanalipwa vibaya, tena kila mji ulilipa upendavyo. Ikashauri mshahara upandishwe sana na uwe sawa nchi nzima. La pili, serikali ilileta sheria ya kumkataza polisi kuingia chama cha wafanyakazi na kumshitaki yeyote atakayemshawishi kugoma. Badala yake likawekwa Shirikisho, ambalo kila askari wa vyeo vya chini aliingizwa kwa nguvu ya sheria.

Chama cha zamani kiliona kwamba kinauawa, kikaita mgomo wa pili mwisho wa Julai 1919. Safari hii wengi hawakutoka. Mshahara mpya ulikuwa umekwisha ahidiwa, na mtu aliyeshiba ahadi hatoki haraka. London walitoka zaidi ya 1,100 tu katika maelfu. Liverpool, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi, walitoka zaidi ya 950, karibu nusu ya polisi wa mji ule. Maduka yakavunjwa na kuporwa, wanajeshi wakaletwa, na manowari ikatumwa mtoni. Mgomo uliposhindwa, wote waliogoma walifukuzwa, zaidi ya watu 2,300. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa. Wakapoteza kazi, na wakapoteza pensheni za miaka waliyokwisha kuitumikia.

Ndugu wanachama, pana mafundisho mawili hapa. Mgomo wa 1918 ndio ulioleta mshahara. Pasipo huo Kamati ya Desborough isingalikaa. Lakini gharama ya mgomo wa 1919 ililipwa na wale 2,300, na faida ikaliwa na wenzao waliobaki ndani. Tukisema leo kwamba polisi wa Uingereza wana shirikisho, tukumbuke limejengwa juu ya migongo ya nani.

KAZI ZAKE ZA KILA SIKU

Sasa shirikisho la namna hii humsemea askari kwa njia gani? Tutataja kazi nne.

Kazi ya kwanza ni wajumbe. Tangu mwanzo, makonstebo walichagua kamati yao, masajini yao, na mainspekta yao. Sababu yake ni wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya nyapara: konstebo hawezi kufungua moyo wake mbele ya sajini ambaye kesho asubuhi atampanga zamu. Wakubwa wa juu, yaani masuprintenda na kupanda, hawamo katika shirikisho hilo. Wana vyama vyao. Hili ni jambo kubwa. Mtu anayekuhukumu hawezi kuwa mtu anayekutetea.

Kazi ya pili ni mshahara. Hapo mwanzo Shirikisho lilikuwa na mdomo lakini halikuwa na mfuko. Mpaka mwaka wa 1955 halikuruhusiwa kukusanya ada za hiari kwa wanachama wake. Baada ya ruhusa hiyo likaweza kuajiri wataalamu, na mwaka uo huo likamchukua mbunge mmoja, James Callaghan, kuwa mshauri wake. Kufika 1977 mishahara ilikuwa imeshuka tena, askari wengi wakaacha kazi, na katika mkutano wao mkuu wajumbe walidai haki ya kugoma. Serikali ikaunda kamati ya Jaji Edmund-Davies, na mwaka wa 1978 ikashauri nyongeza ya kadiri ya 40 kwa mia. Waziri Mkuu aliyeikubali alikuwa Callaghan yule yule. Hapo mnaona kazi ya hesabu nzuri na ya kuwajua watu wa Bunge.

Kazi ya tatu, ambayo askari wa kawaida huithamini kuliko zote, ni kusimama na mtu aliyeshitakiwa kazini. Tuseme konstebo amelalamikiwa kwamba alimpiga raia, au alipoteza ushahidi, au alimtukana mkubwa wake. Kwa kanuni za huko lazima apewe mashitaka kwa maandishi. Ana haki ya kwenda na rafiki, naye rafiki huyo ni askari mwenzake asiyehusika na shauri lile, na mara nyingi ni mjumbe wa Shirikisho aliyefundishwa kazi hiyo. Rafiki huweza kutoa hoja, kuuliza maswali, na kunong'ona na mshitakiwa. Lakini hawezi kumjibia maswali yanayomhusu mwenyewe. Ikiwa shauri ni zito na mtu aweza kufukuzwa kazi, huweza kuletwa wakili, na Shirikisho laweza kulipa gharama yake kutoka katika mfuko wa wanachama.

Kazi ya nne ni maisha ya askari nje ya zamu: aliyeumia kazini, mjane wa aliyeuawa, askari aliyerukwa na akili kwa mambo aliyoyaona, mabishano ya pensheni. Mambo haya hayaandikwi magazetini, lakini ndiyo yanayojaza meza ya mjumbe kila siku.

UPUNGUFU WAKE

Haitupasi kusifu tu. Tulisema tutarudi kwa yule mbwa asiye na meno.

Mwaka wa 2007 mwamuzi aliamua polisi wapewe nyongeza ya 2.5 kwa mia kuanzia tarehe 1 Septemba. Waziri wa Mambo ya Ndani, Bibi Jacqui Smith, akaikubali nyongeza lakini akasema italipwa kuanzia tarehe 1 Desemba. Miezi mitatu ikaliwa hivyo. Polisi wa Scotland walilipwa tangu Septemba. Wa England na Wales hawakulipwa. Wangefanya nini? Kugoma ni kosa. Mwezi wa Januari 2008 zaidi ya askari 20,000, wakiwa mapumzikoni, waliandamana London kwa utaratibu, wakarudi makwao. Waziri hakubadili neno. Sisi tulio na haki ya mgomo tujiulize: haki ile tunaithamini, au tunaichezea?

Upungufu wa pili ulitoka ndani. Mwaka wa 2014 tume huru iliyoongozwa na Bwana David Normington, iliyoitwa na Shirikisho lenyewe, ilitoa mapendekezo 36. Ilitaka hesabu za matawi ziwekwe wazi, na wakubwa wa Shirikisho warudishe imani ya wanachama na ya raia. Baadhi ya matawi yalikuwa na fedha nyingi zisizoonekana vizuri na wanachama. Mwaka huo huo serikali ilitangaza kwamba haitatoa tena fedha za umma kuliendesha Shirikisho, na kwamba askari hataingizwa tena bila kutaka, atachagua mwenyewe. Chama chochote kinachoingiza watu kwa nguvu na kuficha vitabu vya hesabu, siku moja kitaaibishwa mbele ya watu. Hili twalisema kwa sauti ili mtunza hazina wetu asikie pia.

HALI YA HAPA KENYA

Sasa turudi nyumbani.

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 41, inasema kila mfanya kazi ana haki ya mshahara wa haki, ya kuingia chama na ya kugoma. Lakini kifungu cha 24 kinaruhusu Bunge lipunguze haki hiyo, pamoja na haki ya kukusanyika na ya kuungana, kwa watu wa jeshi na wa Huduma ya Taifa ya Polisi. Na Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka wa 2007, ile ile inayoandikisha vyama vyetu, inasema haihusu polisi wala askari wa magereza.

Je, mataifa ya dunia yamekataza? Hapana. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Mapatano Namba 87 ya 1948 na Namba 98 ya 1949, liliacha mlango: kila nchi itaamua kwa sheria yake ni kwa kadiri gani haki hizi zitawahusu polisi. Basi mlango haukufungwa na Geneva. Ufunguo uko Nairobi, katika Bunge letu.

Mtu atasema, polisi wa Kenya wana Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Kweli wanayo, imewekwa na kifungu cha 246 cha Katiba. Lakini kazi ya tume hiyo ni kuajiri, kupandisha vyeo na kusimamia nidhamu. Hiyo ni kazi ya mwajiri. Mwingine atasema, wana chama chao kikubwa cha akiba na mikopo. Kweli wanacho, na kimewasaidia wengi kununua viwanja na kulipa karo. Lakini chama cha akiba hukukopesha fedha ukiwa na shida; hakiendi kumwuliza mkubwa wako kwa nini umepata shida hiyo. Mkopo si mjumbe.

Kisha kuna kamati zinazoundwa mara kwa mara. Mwaka wa 2009 ilikuwako ya Jaji Ransley. Mwezi wa Desemba 2022 likaundwa jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, likakusanya maoni mikoani, likatoa ripoti yake mwaka wa 2023. Kamati zote mbili zilikuta askari wenye nyumba mbovu na mishahara midogo. Mambo ya nyumba kila mtu aliyekaa karibu na laini za polisi anayajua: jamaa mbili katika chumba kimoja, na katikati pazia. Sasa fikirini. Kati ya kamati ya kwanza na ya pili ni zaidi ya miaka kumi. Katika miaka yote hiyo konstebo wa Lodwar au wa Garissa alimpelekea nani neno lake? Kamati huja na kwenda kama mvua ya vuli. Mjumbe aliyechaguliwa yuko pale kila Jumatatu asubuhi.

Wala tusidhani jambo hili ni la Wazungu tu. Lesotho ina chama cha watumishi wa polisi kilichowekwa na sheria yao ya polisi. Afrika ya Kusini walikwenda mbali zaidi: chama cha POPCRU, kilichoanzishwa mwaka wa 1989, ni chama kamili cha wafanyakazi, tena kimo katika shirikisho kubwa la COSATU. Hata hivyo sheria ya huko haimruhusu polisi kugoma. Kwa hiyo yawezekana kuwa na chama chenye nguvu bila bunduki kuachwa bila mwenyewe.

RUNGU NA MDOMO

Tumebakiza lile neno gumu: kwamba askari ndiye anayetupiga.

Tutazame jinsi POPCRU ilivyozaliwa. Mwezi wa Septemba 1989, wakati wa utawala wa ubaguzi, polisi wa kutuliza ghasia waliwapiga raia waliokuwa wakiandamana kwa amani Mitchells Plain, karibu na Cape Town. Luteni mmoja wa polisi, Gregory Rockman, alisimama hadharani akashutumu kipigo kile. Baada ya miezi miwili yeye na wenzake wakaunda chama. Walikamatwa, na yeye akafukuzwa kazi. Lakini jambo walilolianza halikufa.

Basi tunasema hivi. Askari aliyelala saa nne, ambaye hajapata likizo, ambaye mkubwa wake anaweza kumhamisha hadi mpakani kwa neno moja, mtu huyo akipewa amri mbaya hana pa kuegemea akiikataa. Ataitii. Na rungu litaangukia kichwa cha mfanya kazi. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Na hapa askari na mgomaji wote ni nyasi. Hatusemi kwamba chama kitamfanya kila askari kuwa mwema. Tunasema askari mwenye mtu wa kusimama naye anayo njia ya pili mbali na kutii tu.

Lakini pia tuseme upande wa pili bila kuficha. Chama cha polisi kisiwe pango la kuwaficha wauaji. Raia aliyepigwa risasi bila sababu naye ana haki yake, na ndiyo maana nchi hii iliweka, kwa sheria ya mwaka wa 2011, mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA. Kumsimamia mshitakiwa ili asikizwe kwa haki si kulitetea kosa lake. Sisi tunalijua hilo. Mwanachama wetu akishitakiwa kwa wizi, tunakwenda naye barazani kuhakikisha amesikizwa. Ikithibitika ameiba, hatugomi kwa ajili yake. Chama cha polisi nacho kipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

MAPENDEKEZO YETU

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati inaleta mambo manne yajadiliwe, kisha yapigiwe kura.

Kwanza, chama chetu kitamke kwamba askari polisi wa vyeo vya chini anastahili chama cha watumishi kilichowekwa na sheria ya Bunge, chenye wajumbe wanaochaguliwa kwa kura ya siri, kila cheo mbali.

Pili, kwa kuwa polisi hawatagoma, sheria hiyo iweke mwamuzi huru wa mambo ya mshahara, na uamuzi wake uifunge serikali, hata juu ya tarehe ya kuanza kulipa. Tumeona yaliyowapata wenzao mwaka wa 2007.

Tatu, askari awe huru kuingia au kutoingia, na hesabu za chama zisomwe mbele ya wanachama kila mwaka.

Nne, chama hicho kisipewe nguvu yoyote ya kuzuia uchunguzi wa raia aliyeumizwa au kuuawa.

Wanachama watakaopinga, na tunajua wapo, wapewe nafasi ya kusema kwa urefu kama tuliyopewa sisi. Wengine wana makovu ya kuonyesha, na kovu nalo ni hoja. Lakini wakimaliza kusema, wajibu swali moja: je, askari asiye na mdomo ametufaa nini sisi wafanya kazi miaka yote hii?

Bwana Mwenyekiti, tumefikisha tuliyotumwa. Neno sasa ni la wanachama.